Kibonzo kinafika Enguserosambu, hela ya mchoraji inaishia njiani

GAZETI la michezo linalochapwa Dar es Salaam usiku huu, kufika Enguserosambu ni kama safari ya timu ya daraja la chini: ndefu, ya gharama, na hakuna anayekusubiri stendi.

Kwanza lifike Arusha. Kutoka hapo zimebaki zaidi ya kilomita 300, ama kwa kupanda Karatu na kukatiza Ngorongoro, ama kwa kuzungukia Mto wa Mbu, Engaresero na Sale, hadi Waso na Loliondo. Halafu ndiyo uutafute upande wa mpaka wa Kenya, kwenye kata ya wafugaji yenye msitu mkubwa unaotunzwa na wananchi wenyewe. Gazeti likibahatika kufika, mechi lililoibeba imeshapitwa na mechi nyingine.

Lakini kibonzo cha Simba na Yanga kinafika. Penye mnara kinafika ndani ya dakika chache, mashabiki wa Dar hawajatoka hata uwanjani. Kinaingia kwenye grupu la WhatsApp, kinarushwa kwenye grupu jingine, kinawekwa 'status', kinachekwa, kinamuudhi mtu, kinajibiwa na kibonzo kingine.

Kinachobaki njiani ni hela ya aliyekichora.

Hiki ndicho kitendawili cha wachoraji wa katuni za michezo nchini kwa sasa. Katika historia ya kazi yao hawajawahi kuonwa na watu wengi kama leo. Na huenda hawajawahi kulipwa na watu wachache kama leo.

KIJIWE KIMEHAMIA KIGANJANI

Tuanze na msomaji, maana kuna maneno kwamba msomaji amekufa. Hajafa. Amehama tu.

Wote tunaikumbuka meza ya magazeti asubuhi. Watu kumi wamesimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bila kununua. Mmoja ndiye anayetoa hela, kisha gazeti lake linazunguka kijiwe kizima mpaka jioni linafungiwa maandazi. Ndani ya gazeti lile, macho ya wengi yalianza na katuni, habari zikafuata. Aliyeshindwa kusoma aya ndefu alisoma sura ya mnyama aliyevimba jicho, akajua nani kafungwa.

Leo kijiwe kile kiko kiganjani. Kijana wa Enguserosambu yuko machungani na ng'ombe, simu iko ndani ya shuka. Shuka ni jekundu, lakini usikimbilie kumhesabu Simba. Nyekundu ile ilikuwapo kabla ya Msimbazi, na mwenye shuka hilo anaweza kuwa Mwananchi wa kutupwa.

Chukua Novemba 5, 2023. Yanga iliifunga Simba mabao 5-1 kwenye Uwanja wa Mkapa. Kennedy Musonda alifungua, Maxi Nzengeli akaweka mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua moja, na Kibu Denis akawafutia machozi Simba. Siku mbili baadaye, kocha Robertinho hakuwa tena mwajiriwa wa Msimbazi.

Siku ile hakuna aliyehitaji kusoma ripoti ya mechi ili acheke. Kiganja kimoja chenye vidole vitano kilitosha. Huo ndio mtaji wa mchoraji: kitu ambacho mwandishi anakisema kwa maneno 600, yeye anakimaliza kwa mistari 20, na mzee asiyejua kusoma anakielewa sawa na mhariri.

Na watu wa Ngorongoro si wageni kwenye katuni. Mwaka 2011, Mchungaji Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa dawa ya kikombe kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, wilaya hiyohiyo, Loliondo ilijaa kwenye kurasa za magazeti yote. Neno kikombe likapata maana mpya kwenye mzaha wa Watanzania. Wananchi wa huku walijiona wakichorwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga Waso.

KUTOKA CHAKUBANGA

Kazi hii ina ukoo. Mzee wa ukoo ni Christian Gregory, aliyemleta Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, miaka ya mwisho ya 1960 na iliyofuata. Chakubanga alikuwa mtu wa kawaida, mjanja mjanja, mwenye visa vya mjini. Watu walimjua kama jirani yao.

Baadaye likaja jarida la Sani la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Hilo liliwapa Watanzania akina Ndumilakuwili, Lodilofa, Pimbi na wengine. Mmoja wa mikono iliyolipa jarida hilo uhai ni Philip Ndunguru, aliyefariki 1986 akiwa bado kijana mbichi. Hadi leo kuna wachoraji wanaoshika kalamu kwa sababu waliona mistari yake wakiwa watoto.

Soko huria la magazeti lilipofunguka miaka ya 1990, na magazeti ya michezo yakaongezeka, mlango ukawa mpana. Dimba, Bingwa, Championi na Mwanaspoti yakawa na wasomaji wasiokosa nakala. Kila gazeti lilihitaji mzaha wake wa watani wa jadi.

Na watani hao wanachoreka kuliko timu yoyote duniani. Simba wenyewe ni mnyama, tena amevaa nyekundu. Yanga wanatoka Jangwani, bonde linalojaa maji mvua ikinyesha, ndiyo maana watani wakawapa jina la vyura. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Karibu miaka 90 ya kutaniana. Mchoraji anakuta wahusika wameshazaliwa, wana majina, wana rangi, wana maadui. Kazi yake ni kuwapa mdomo.

DEIWAKA WA KALAMU

Tatizo ni kwamba wengi wa wachoraji hao hawakuwa waajiriwa. Walikuwa, na bado ni, wachoraji wa kujitegemea. Kwa lugha ya mtaani, deiwaka wa kalamu.

Kazi inakwenda hivi. Mechi inaisha saa tatu usiku. Ukurasa unataka kufungwa. Mchoraji ana muda mfupi wa kupata wazo, kulichora, kulipaka rangi na kulituma. Wazo ndilo gumu. Mkono unaweza kuchora simba usingizini, lakini simba huyo anafanya nini leo ambacho hakukifanya wiki iliyopita? Mzaha uliotumika jana ni maji ya moto yaliyopoa.

Akishatuma, anasubiri. Mhariri anaweza kusema poa. Anaweza kusema hii itatuletea kesi na klabu. Anaweza asiseme chochote, na asubuhi mchoraji anakuta nafasi yake imewekwa tangazo la kubeti. Kwa mtindo wa malipo ya kibonzo kilichotoka, kisichotoka hakilipwi. Usiku umekwenda, bando limekwenda, mgongo unauma.

Tupige hesabu kwa mfano tu, maana viwango vinatofautiana. Tuseme kibonzo kimoja kilichotoka kinalipwa shilingi 15,000. Mchoraji akitoa vitatu kwa wiki, anapata 45,000. Kwa wiki nne ni 180,000. Toa bando, umeme na nauli ya kufuatilia malipo. Toa karatasi na wino, au akiba ya kununua tableti ya kuchorea ile ya zamani ikifa. Kinachobaki hakilipi kodi ya chumba Dar es Salaam, achilia mbali ada ya mtoto.

Halafu ligi inasimama. Wenye timu wanaita mapumziko ya msimu, yeye anaita njaa. Kidogo dirisha la usajili linamuokoa, maana hapo kuna mastaa wanaotua uwanja wa ndege na mengine ya kuchekesha. Lakini siku tatu za mechi kwa wiki hazipo.

Ndiyo maana ukimkuta mchoraji wa katuni za michezo ambaye anaishi kwa katuni za michezo peke yake, umekutana na kiumbe adimu. Wengi wanachora mabango, kadi za harusi, vitabu vya watoto, mabango ya afya ya mashirika, hata maandishi ya vioo vya daladala. Simba na Yanga wanampa jina. Chakula kinatoka kwingine.

GAZETI LINAPOKOHOA, DEIWAKA NDIYE ANAYELAZWA

Mambo yalikuwa hivyo hata gazeti lilipokuwa na afya. Sasa gazeti linakohoa.

Desemba 2020, kampuni ya New Habari 2006 ilitangaza kusitisha uchapishaji wa magazeti yake. Humo mlikuwa na Mtanzania, Rai, na kwa sisi wa mpira, Bingwa na Dimba. Magazeti mawili ya michezo kutoka kwenye meza moja, kwa mpigo. Mwandishi aliyepoteza ajira angalau alikuwa na barua ya kuonyesha. Deiwaka hakuwa na barua. Kilichomtokea ni kwamba namba aliyokuwa akiitumia kutuma kibonzo haikuhitaji tena kibonzo.

Sababu zinajulikana. Matangazo yamehamia mitandaoni na kwenye mabango. Karatasi na wino ni vya kuagiza nje kwa dola. Usafirishaji unakula faida. Na msomaji anapata matokeo kwenye simu dakika hiyohiyo, bure, kwa nini asubiri asubuhi? Mhariri akiambiwa apunguze gharama, anaangalia nani hana mkataba. Jibu analo mkononi.

Si Tanzania peke yake. Ripoti ya Herb Block Foundation ya Marekani, iliyotoka 2011, ilisema mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti ya nchi hiyo yalikuwa na wachora katuni takriban 2,000, na wakati wa ripoti hiyo walioajiriwa walikuwa wamebaki chini ya 40. Julai 2019, New York Times iliacha katuni za siasa za kila siku kwenye toleo lake la kimataifa.

Katika michezo, Wamarekani walikuwa na gwiji anaitwa Willard Mullin wa gazeti la World-Telegram la New York. Ndiye aliyewachora Dodgers ya besiboli kama mzururaji mwenye nguo chakavu, na mashabiki wa Brooklyn, badala ya kukasirika, wakamkubali mzururaji huyo kama nembo yao. Gazeti lake liliunganishwa na mengine 1966, na hilo jipya likafa 1967. Kwa hiyo magazeti kufa mikononi mwa wachoraji wazuri halikuanza na simu. Tofauti ni kwamba zamani gazeti moja likifa, kulikuwa na jingine la kubisha hodi.

HELA IKO WAPI?

Hapa ndipo linapouma. Hela ya mpira haijapungua. Imeongezeka.

Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni za Ligi Kuu wenye thamani ya zaidi ya Sh225 bilioni. Mwaka huohuo benki ya NBC ikaingia kuidhamini ligi. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na USM Alger, ikalikosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo 2025, ikapoteza mbele ya RS Berkane kwa kufungwa 2-0 Morocco na sare ya 1-1 Zanzibar. Wachezaji wanalipwa vizuri kuliko kaka zao wa miaka ya 1990. Jezi zinauzwa. Wapiga picha za video wana kazi. Wachambuzi wamekuwa mastaa.

Wote hao wanakula kwenye utani wa Simba na Yanga. Bila utani ule, ligi yetu ni jedwali tu. Na ni nani aliyekuwa akiutunza utani huo, siku zote za wiki ambazo hakuna mechi, kwa miongo kadhaa? Ni kijiwe na katuni.

Sasa fuata safari ya kibonzo kimoja. Mchoraji anakiweka kwenye ukurasa wake. Dakika tano, mtu anakikata pembeni pale palipo na sahihi, ili kikae vizuri kwenye simu. Ukurasa wenye wafuasi lukuki unakichukua bila jina, chini unaweka namba ya tangazo lake. Mkubwa wa ukurasa huo analipwa na mtangazaji. Kampuni ya simu imelipwa bando. Shabiki amepata kicheko chake. Klabu imepata kuzungumzwa. Kwenye mnyororo wote huo aliyekosa ni mmoja: aliyekesha.

Na sasa programu za akili mnemba zimeingia. Ukiiambia ikuchoree simba analia, inachora ndani ya sekunde. Simba mzuri tu, manyoya yote yapo. Lakini haijui kwa nini chura wa Jangwani akicheka mvua ya Aprili ni tusi na ni sifa kwa wakati mmoja. Haijui mzee gani wa klabu hapendi kutajwa. Mchora katuni wa mpira analipwa, au angepaswa kulipwa, kwa hayo.

MECHI AMBAYO HAIKUCHEZWA

Kuna watakaosema, kwani tukikosa katuni tunapungukiwa nini? Picha zipo, video zipo.

Rudi Machi 8, 2025. Dabi ya Kariakoo ilikuwa imepangwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Mkapa, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Yanga wakafika uwanjani kwa mechi isiyokuwapo. Watu walikuwa wameshasafiri kutoka mikoani. Mechi yenyewe ilikuja kuchezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Siku ile ya Machi kamera ingepiga nini? Nyasi? Lango tupu? Mtangazaji angetangaza nini? Stori nzima ilikuwa kwenye vitu visivyopigika picha: kiburi, barua, kanuni, simu zilizopigwa usiku, shabiki wa Mbeya aliyelipa nauli ya kwenda kutazama majani. Stori ya namna hiyo ni ya mchoraji. Anamweka shabiki na tiketi yake mkononi, anawaweka wakubwa wameficha nyuso nyuma ya makabrasha, na kila mtu anaelewa.

Kazi ya katuni ya michezo ni hiyo. Inawachekesha watu, sawa, lakini pia inamwambia mkubwa wa mpira neno ambalo ripoti ya mechi haiwezi. Mwandishi akiandika kiongozi fulani amevuruga, kesho anaitwa. Mchoraji akimchora kiongozi amekalia mpira kama kuku anayeatamia, kiongozi anacheka kwa shida, lakini ujumbe umefika. Mtu wa kusema hivyo akiwa na njaa, au akiwa anategemea posho ya klabu, atachora kile klabu inachotaka. Hapo anayepoteza ni shabiki.

WALIOPENYA WALIFANYA NINI?

Wapo walioishi kwa kalamu. Ukiwatazama, kuna kitu kinafanana.

Gado, kwa jina kamili Godfrey Mwampembwa, ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Mwaka 1992 alivuka kwenda Nairobi kuchora kwenye Nation, akawa mmoja wa wachora katuni wakubwa Afrika. Mkataba wake pale ulipokoma 2016, hakuwa mtu wa gazeti moja tu. Alikuwa na vitabu, na alikuwa na The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya televisheni kilichoanza 2009. Gazeti lilikuwa mguu mmoja wa stuli.

Ali Masoud ni Kipanya. Panya yule mdogo wa pembeni ya picha amekuwa na jina kubwa mpaka limemmeza mwenye mkono. Masoud amechora magazetini, ametangaza redioni Clouds FM, na 2022 akawashangaza watu kwa gari la umeme alilolitengeneza. Gari halina uhusiano na katuni, lakini watu walikwenda kulitazama kwa sababu wanamjua Kipanya.

James Gayo alimchukua mhusika wake Kingo akamfanya jarida lenye jina hilohilo. Nathan Mpangala, baba wa Kijasti, amevuka kutoka gazetini hadi televisheni, na amepeleka kalamu Muhimbili kuchora na watoto wanaotibiwa saratani.

Hao si wachoraji wa mpira peke yake, lakini somo lao linawahusu wa mpira. Kila mmoja ana mhusika wake. Kibonzo ni kibarua, mhusika ni shamba. Kibarua kinaisha jioni, shamba linabaki. Mchoraji anayechora simba na chura kila siku anachora mali ya watu wote. Anayemweka pembeni shabiki wake mwenye jina, mwenye kofia yake, mwenye msemo wake, anajenga kitu ambacho hata sahihi ikikatwa watu watajua ni cha nani.

Somo jingine liko mbali kidogo. David Squires anachora vibonzo vya soka kwa The Guardian la Uingereza, na anaishi Australia. Anaichambua Ligi Kuu ya England akiwa upande mwingine wa dunia, kisha kazi zake anazikusanya kwenye vitabu. Kama Australia inaweza kuichora England, basi Enguserosambu inaweza kuichora Kariakoo. Zamani kijana wa huku mwenye mkono mzuri alilazimika kwanza kuhamia Dar, akalale kwa mjomba, akashinde kwenye korido za chumba cha habari. Leo simu na mnara vinatosha kumpeleka kwa msomaji. Kilichobaki ni nani atamlipa.

SHERIA IPO, WENGI HATUITUMII

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji tangu kazi inapoumbwa. Si lazima aisajili kwanza ndipo iwe yake. Ulinzi wa haki zake za kiuchumi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ana haki pia ya kutajwa jina kwenye kazi yake. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ndiyo mahali pa kuanzia kama kazi yako imechukuliwa.

Kwenye karatasi ni tamu. Kwa mchoraji mmoja, kumfuata mwenye ukurasa aliyekata sahihi ni kazi kuliko kuchora vibonzo kumi. Kwa hiyo silaha ya kwanza iwe mkataba. Hata wa ukurasa mmoja. Uandike: kibonzo kinalipwa kiasi gani, kinalipwa hata kisipotoka au la, kinalipwa lini, gazeti linaruhusiwa kukitumia mara ngapi na wapi, na mhusika anabaki mali ya nani. Mkataba wa mdomo ukiingia kwenye mgogoro, mwenye gazeti ndiye mwenye kumbukumbu nzuri.

Silaha ya pili ni sahihi katikati ya mchoro. Iweke kwenye jezi, kwenye mpira, kwenye ubao wa matokeo. Anayetaka kuikata akate na utamu.

MPIRA UKO KWA NANI?

Wahariri wana la kufanya. Malipo ya nusu kwa kibonzo kilichoagizwa kisitoke si fadhila, ni haki ya kukesha. Na kibonzo kiende pia kwenye kurasa za gazeti za mtandaoni chini ya jina la mchoraji, na hela ya tangazo linalokaa chini yake ikumbuke mkono uliolivuta.

Klabu nazo. Simba Day na Wiki ya Mwananchi zinauza fulana, vikombe, skafu, bendera. Ziagize michoro kwa wachoraji, zilipe, ziweke jina. Lakini zisinunue kalamu ya gazetini. Mchoraji wa bidhaa za klabu ni biashara halali. Mchoraji wa gazeti anayelipwa na klabu chini ya meza ni mwamuzi aliyevaa jezi.

Mbele yetu kuna AFCON 2027 waliyopewa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000. Mashabiki wa Ngorongoro safari hii watakuwa mkoa wenyeji. Wageni watataka kitu cha kubeba nyumbani chenye sura ya hapa. Kama waandaaji wataagiza michoro ya ulimwengu mzima na kuusahau mkono wa nyumbani, itakuwa ni kujifunga wenyewe dakika ya 90.

Na sisi mashabiki, tulioko Kariakoo na tulioko Enguserosambu, tunayo kazi moja isiyo na gharama. Kibonzo kikikufurahisha, kirushe kikiwa kizima, na jina la mchoraji likionekana. Ukiwa na uwezo, fuata ukurasa wake mwenyewe, nunua fulana yake, mpe kazi ya tangazo la duka lako. Nunua na gazeti siku moja moja, usisome vichwa tu mikono nyuma.

Wiki ijayo mmoja wa watani atafungwa tena, hilo halina ubishi. Usiku huo kuna mtu atawasha taa, achore mpaka macho yaume, ili wewe upate cha kumtumia mtani wako kabla hajazima simu. Utani huo una mwenyewe.